Kwa nini "discuss" haitaki "about": jibu kwa karani wa ununuzi

"Mwalimu, salaam. Mimi ni karani wa ununuzi katika kampuni moja hapa Eneo la Viwandani, na ni mama wa watoto wawili. Kiingereza si kigeni kwangu. Kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilipata B. Lakini tangu tuletewe meneja mpya, barua pepe zangu zinarudi zimejaa alama nyekundu, na karibu kila mara kosa liko kwenye vijineno: 'about', 'for', 'on', 'to'. Juzi niliandika hivi: 'We discussed about the delay with the supplier and he emphasized on payment before delivery. I am requesting for your approval. Kindly avail the LPO. Looking forward to hear from you.' Alikata 'about', akakata 'on', akakata 'for', 'hear' akaifanya 'hearing', na 'avail' akaizungushia duara bila kusema lolote. (LPO ni hati ya kuagiza bidhaa.) Mwenzangu mmoja ananiambia vitu hivi havina kanuni, ni kukariri tu. Mwingine anasema ni Kiswahili kinachoniharibia, nikipunguze hata nyumbani na watoto. Nina miaka 34. Nishike lipi? Na je, nilipie kozi?"

Dada yangu, umefanya vyema sana kuniandikia sentensi zenyewe. Mtu akiniambia tu kwamba Kiingereza chake ni kibovu, sina pa kuanzia. Mistari yako michache inaonyesha kila kitu. Nyakati za vitenzi ziko sawa, umoja na wingi uko sawa, na msamiati wa kazi unao wa kutosha. Kinachokusumbua ni kitu kimoja chembamba: neno gani la Kiingereza hufuatwa na kihusishi, yaani kijineno kama "for" au "on", neno gani halitaki, na likitaka, linataka kipi. Wala hauko peke yako. "Discuss about" na "request for" utazikuta kwenye kumbukumbu za mikutano, kwenye matangazo ya ofisi, hata kwenye barua za shule zinazoletwa nyumbani na watoto wetu. Usiingie kwa meneja wako ukiwa umeinamisha kichwa.

Nianze na lile la Kiswahili, kwa sababu ndilo linaloniuma. Tafadhali usikipunguze, na watoto usiwanyime. Angalia sentensi zako mwenyewe. Kwa Kiswahili ungemwambia bosi, "Naomba idhini yako." Kati ya "naomba" na "idhini" hakuna kitu. Ungelihamisha neno kwa neno hadi Kiingereza, ungepata "I request your approval", na kalamu nyekundu isingekugusa. Mkutano "ulijadili bei". Kati ya "ulijadili" na "bei" pia hakuna kitu, kama vile "discussed the price". Ni kweli tunasema pia "tulijadiliana kuhusu bei", kwa hiyo hapo siwezi kukitoa Kiswahili hatiani kabisa. Lakini ile "for" ya "requesting for" haikutoka Kiswahili. Ilitoka ndani ya Kiingereza chenyewe, na pengine ilitoka kwenye meza yako ya kazi.

Fikiria unachokisoma kutwa. "Request for Quotations." "Request for Proposals." Ni majina ya njia za ununuzi zilizotajwa hata katika sheria yetu ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, na kila mtu wa idara yako anayatamka mara nyingi kwa siku. Katika majina hayo "request" ni nomino: ombi. Nomino ya Kiingereza haina mkono wa kushika kitu. Lazima ipewe kihusishi cha kushikia, na ya "request" ni "for". Kitenzi "request" kina mkono wake: hushika kitu moja kwa moja. Wewe umekuwa ukisikia "request for, request for" mpaka sikio limeyaunganisha hayo mawili yakawa neno moja, na unapoandika "I am requesting", ile "for" inajileta yenyewe.

Sasa uone jinsi Kiswahili kinavyokusaidia hapa. Sisi nasi tuna tofauti hiyohiyo. Tunasema "naomba idhini", lakini "ombi la idhini". "Tunakosa fedha", lakini "ukosefu wa fedha". "Wameongeza bei", lakini "ongezeko la bei". "Walijadili mkataba", lakini "mjadala wa mkataba". Hakuna Mswahili atakayesema "naomba la idhini"; masikio yangekataa papo hapo. Basi "I am requesting for approval" ni kosa la aina hiyohiyo. Kitenzi kimevaa nguo ya nomino.

Ukishaiona tofauti hiyo, makosa mengi yanajipanga mbele yako yenyewe. Kitenzi: "we lack funds". Nomino: "a lack of funds". Kitenzi: "the driver could not access the store". Nomino: "access to the store". Vivyo hivyo "contact the supplier" lakini "contact with the supplier", "enter the market" lakini "entry into the market", "the rain damaged the goods" lakini "damage to the goods", "they demanded a refund" lakini "a demand for a refund". Upande wa kitenzi hakuna kihusishi. Upande wa nomino kipo. Hata magazeti yetu huteleza hapo wakati wa uchaguzi. Mtu "anagombea" kiti, bila neno katikati, na kwa Kiingereza cha kawaida "he is contesting the seat", lakini utasoma "contesting for the seat" kwa sababu ipo nomino "a contest for the seat" inayoivuta.

Njia ya kujipima ni nyepesi. Tazama kama mbele ya neno lile umeweka au unaweza kuweka "the", "a" au "our": "our request", "the discussion", "a lack". Likikubali, ni nomino, lipe kihusishi chake. Tazama kama limebeba wakati: "requested", "discussed", "lacked". Likiwa limebeba wakati, ni kitenzi, na hapo usiongeze kihusishi mpaka uwe na hakika kwamba kitenzi hicho kinakitaka.

Nasema hivyo kwa sababu vipo vinavyokitaka, na sitakuficha. "Apply for a permit", "depend on the weather", "object to the price", "complain about the delay", "insist on payment". Hivi vimefungamana na vihusishi vyao, na nomino zao mara nyingi huchukua hivyohivyo: "application for", "objection to", "insistence on". Vitenzi hivi ndivyo vinavyoleta mvuto wa pili, ambao watu hawauangalii sana: neno huvutwa na jirani yake wa maana. "Talk about" iko karibu na "discuss", kwa hiyo "about" inahamia. "Ask for" iko karibu na "request". "Wait for" iko karibu na "await", ndiyo maana tunasoma "awaiting for your reply". "Consist of" iko karibu na "comprise", ikazaa "comprises of". Na "focus on" na "insist on" ziko karibu na "emphasize".

Tusimame kwenye hilo la mwisho, maana hapo nina la kusema kuhusu kalamu ya meneja wako pia. Yeye alikata "on" ikabaki "he emphasized payment before delivery". Kisarufi ni sahihi. Lakini nikisoma habari yenyewe, mtu wenu wa mzigo hakuwa akionyesha tu kwamba malipo ni jambo la uzito. Alikuwa amekaza kamba kwamba hatoi mzigo kabla hajalipwa. Hiyo kwa Kiingereza ni "insisted on". Kwa Kiswahili neno "sisitiza" linabeba maana zote mbili, ile ya kutilia mkazo na ile ya kushikilia msimamo, na ukiwa unaandika haraka ni rahisi kuchukua kitenzi cha kwanza ukakipa kihusishi cha pili. Ile "on" yako ilikuwa na sababu. Ulikuwa unatafuta "insist".

Barua yako ningeiandika hivi: "We discussed the delay with the supplier, and he insisted on payment before delivery. I am requesting your approval. Kindly send me the LPO. I look forward to hearing from you." Ione jinsi ilivyobaki kuwa yako. Hakuna msamiati mpya wa kuvimbisha.

Sasa ni haki niseme pia pale ambapo Kiswahili kinaingia kweli, kwa sababu kipo mahali pake. Kinaingia kupitia kauli ya kutendea. Mtu amenyang'anywa simu kwenye msongamano pale kituo cha Railways, Nairobi, anakimbia kituo cha polisi, anaandika: "I was stolen my phone." Kila Mkenya anamwelewa. Kwa Kiswahili amesema sawasawa: "Niliibiwa simu." Kitenzi chetu "iba" tukikiongezea kiambishi kinakuwa "ibia", na mara moja aliyeibiwa anaweza kuwa shamirisho, yaani anayetendewa: "waliniibia simu". Tukikigeuza, aliyeibiwa anakuwa kiima, yaani anayetangulia kitenzi: "niliibiwa simu". Mtu na kitu vyote vimeenea kwenye kitenzi kimoja, wala hatukuhitaji neno la nje. Kiingereza hakina kiambishi hicho. Kimegawanya kazi kwa vitenzi viwili. "Steal" hushika kile kilichoibwa: "they stole my phone", "my phone was stolen". "Rob" humshika aliyeibiwa, na kitu hufuata nyuma ya "of": "they robbed me of my phone", "I was robbed of my phone". Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuandika ni hili: kitenzi hiki kinashika nani, mtu au kitu?

Swali hilohilo linatatua "explain me". Tunasema "nieleze", mtu akiwa ndani ya kitenzi, na Kiingereza kinakataa. "Explain" hushika jambo, mtu hufuata kwa "to": "explain the delay to me". Vivyo hivyo "describe", "suggest", "mention", "announce", "donate". Lakini "tell", "give", "send" na "show" humkubali mtu moja kwa moja: "tell me", "send me the invoice". Kuna mwelekeo hapo. Maneno mafupi ya asili ya Kiingereza humkubali mtu. Yale marefu yaliyoingia kutoka Kilatini na Kifaransa, hasa baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, mara nyingi hutaka "to". Mwelekeo huo una wapinzani wake, kwa mfano "offer me" na "promise me", lakini utakubeba mbali.

Kwa "kwa" sitakaa sana. Neno letu moja linafanya kazi ya maneno mengi ya Kiingereza: kwa gari ni "by car", kwa kisu ni "with a knife", kwa mama ni "at" au "to" kutegemea kama uko huko au unakwenda, kwa sababu hiyo ni "for that reason". Hali hiyo umekwisha kuizoea tangu shule ya msingi na barua yako haionyeshi shida nayo. Tupite.

Kinachonipa hamu zaidi ni "looking forward to hear", kwa sababu hapo Kiswahili na Kiingereza vinagongana kwa njia ya kupendeza. Kumbuka ngeli ya KU. "Kuimba kwake kunapendeza." Hapo "kuimba" ni nomino kabisa, ina ngeli na upatanisho wake. Ukisema "Anataka kuimba", ni neno lilelile, halijabadilika hata herufi. Kiingereza kimeyatenga mawili hayo: "to sing" upande mmoja, "singing" upande wa pili. Msemaji wa Kiswahili ana umbo moja mkononi na mbele yake kuna milango miwili, kwa hiyo mara nyingine ataingia mlango usio wake.

Linaloongeza utata ni kwamba "to" zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni alama tu ya kitenzi: "I want to hear". Ya pili ni kihusishi kamili, ndugu ya "for" na "on", na baada ya kihusishi Kiingereza kinataka kitu chenye tabia ya nomino. Ile ya "look forward to" ni ya pili. Utajuaje? Weka nomino ya kawaida mahali pa kitenzi. "I look forward to your reply." Imekubali. Kama nomino inakaa, basi kitenzi kikija pale kivae "-ing": "to hearing from you". Jaribu "I want to your reply". Imekataa, hiyo ni "to" ya kwanza. Kwa jaribio hilo utapata bila kukariri kwamba ni "we are committed to paying on time", "they objected to paying twice", "she is used to working late", "in addition to checking the invoice".

Vihusishi vingine havina hata utata huo. Baada ya "of", "in", "for", "from", "without", kitenzi daima ni cha "-ing": "capable of delivering", "interested in buying", "prevented us from loading". Ndiyo maana "able to deliver" na "capable of delivering" ni habari moja kwa maumbo mawili. Mara chache maumbo hayo mawili hubadilisha maana nzima, na katika kazi yako inaweza kuwa ghali. "The guard stopped to check the documents" maana yake mlinzi alisimama ili akague hati. "The guard stopped checking the documents" maana yake aliacha kuzikagua. Ukiandika ripoti ya mzigo uliopotea, hizo ni tuhuma mbili tofauti.

Kuhusu "avail", meneja wako hakukata, alizungusha duara, nami nadhani hakuelewa. Kwa Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani kitenzi hicho hukaa karibu kila mara katika mkao mmoja, "avail oneself of something", yaani kuitumia nafasi au huduma iliyopo. Sisi Kenya tumekipa maana ya kumpatia mtu kitu au kukileta, na hapa Nairobi "kindly avail the documents" haimtatizi mtu yeyote, kuanzia benki hadi ofisi ya chifu. Hapa sitaki kukuambia umekosea, kwa sababu Kiingereza cha Kenya ni Kiingereza kinachoishi na kina mazoea yake. Tunasema ofisi iko "along Mombasa Road" pale wengine wangesema "on Mombasa Road", na mteja anafika bila kupotea. Hata wenye lugha hawakubaliani. Mmarekani "protests a decision" na "appeals a ruling". Mwingereza, kama mahakama zetu, "appeals against". Uingereza wengi husema "different to", Marekani wengi husema "different than", na "different from" inakubalika kote. Mtu akikusahihisha "different from" kwa ukali, hiyo ni ladha yake tu.

Basi uamuzi hutegemea msomaji. Barua ikienda kwa mwenzako wa stoo, "avail" iachie. Ikienda kwa mtu aliye Rotterdam au Mumbai, au kwa meneja anayezungusha duara, andika "send" au "provide", kwa sababu unataka LPO yako isikwame. Na "requesting for"? Inasikika pia India na Nigeria, na watu waliosoma sana huitumia. Hata hivyo ningekushauri uiache kabisa katika maandishi, kwa kuwa wasomaji wengi wa nje na karibu wahariri wote wataihesabu kosa, nawe ukiiacha hupotezi chochote. "Advocate for" iko njiani. Zamani "advocate" kikiwa kitenzi hakikutaka "for"; leo mashirika mengi, hasa ya Marekani, huandika hivyo bila wasiwasi. Hiyo siwezi kukukataza.

Mwenzako aliyesema ni kukariri tu ana ukweli nusu. Kujua kwamba nomino inahitaji kihusishi ni kanuni. Kujua ni kipi, hapo kumbukumbu inafanya kazi, kwa sababu mahali ambapo Kiswahili kinatosheka na "-a" moja, "ombi la, ukosefu wa, ongezeko la", Kiingereza kinachagua "for", "of", "in", "to", "on", kila nomino na chake. Lakini hata hapo maneno hukaa kwa koo. Vitenzi vya kumwondolea mtu kitu hupenda "of": "rob", "deprive", "strip", "cure". Vya kumpatia mtu kitu hupenda "with": "provide", "supply", "equip". Vya kumzuia hupenda "from" na "-ing": "prevent", "ban", "discourage". Vya kumlipa mtu kwa tendo lake, jema au baya, hupenda "for": "thank", "praise", "blame", "punish", "fine". Ukikutana na kitenzi kipya chenye maana ya kuzuia, jaribu "from" kwanza. Mara nyingi utakuwa sawa. Polisi nao wana ukoo wao, "accuse of", "suspect of", "convict of", na katikati yake "charge" imekataa ndugu zake ikachukua "with". Hiyo ikariri.

Maneno yenye asili ya Kilatini hutoa dalili nyingine mwanzoni mwa neno. "Com-" na "con-" zina maana ya pamoja na huvuta "with": "comply with", "compare with", "consistent with". "Ad-" huvuta "to": "adapt to", "adhere to", "adjust to". "Ex-", "de-" na "dis-" huvuta "from": "exempt from", "deduct from", "differ from". Iwe dalili, isiwe sheria, kwa sababu "depend on" na "consist of" ziko pale kukupinga.

Usinunue orodha za vihusishi zinazosambazwa, zile za neno upande huu na kijineno upande ule. Zinakupa "request, for" bila kukuambia ni "request" ipi, na ndizo zilizoujenga ugonjwa wenyewe. Andika kirai kizima, yaani fungu la maneno, chenye kitu ndani yake, na kama neno lina pande mbili, ziandike zote, moja chini ya nyingine: "requested a quotation", na chini yake "a request for a quotation". Tumia mambo ya kazi yako, si mifano ya vitabu kuhusu John na Mary.

Kamusi itakayokufaa ni ile ya wanaojifunza lugha, si ile ya wenye lugha. Aina hii ya kamusi ililetwa na walimu waliokaa na wanafunzi kama wewe. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, aliona kwamba kumpa mwanafunzi maana ya kitenzi bila kumwonyesha kinavyokaa katika sentensi ni kumwacha nusu ya njia. Kamusi aliyoitunga na wenzake ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, Oxford wakaitoa tena mwaka 1948, na mwaka 1954 akatoa mwongozo uliovipanga vitenzi katika mifumo 25. Kamusi za leo za Oxford, Cambridge na Longman zimefuata njia hiyo, na zote zinafunguka bure kwenye simu. Ukitafuta "discuss" utaona herufi T au neno "transitive", yaani kitenzi kinachoshika shamirisho, kisha mkao kama "discuss something with somebody". Wengi wetu tunasoma maana tukafunga. Soma mkao, ndimo jibu lako lilimo.

Kazi ya kwanza ambayo ningekupa haihitaji hata kamusi. Fungua barua pepe ulizokwisha kutuma, andika kwenye sehemu ya kutafutia "requesting for", kisha "discuss about", kisha "emphasize on", kisha "forward to hear". Utaona ni mara ngapi na katika sentensi za namna gani. Makosa ya mtu mmoja huwa machache yanayojirudia. Ukivunja matano au sita, kurasa zako zitabadilika sura. Programu za kusahihisha maandishi zitakukamatia "discuss about", lakini huenda zisijue ulikusudia "insisted", wala ni mlinzi yupi alisimama na yupi aliacha.

Miaka 34 si kizuizi. Lafudhi ndiyo huwa ngumu kuibadilisha ukubwani. Mkao wa maneno hujifunzika katika umri wowote, hasa kwa mtu anayeandika kila siku kama wewe.

Kozi usilipie bado. Kozi nyingi za jumla zitakuanzisha kwenye nyakati za vitenzi, na hizo unazijua. Utalipa miezi miwili kabla hujafikia linalokusumbua. Jipe kwanza wiki kadhaa na barua zako mwenyewe, na umwombe meneja wako dakika chache ana kwa ana: mwambie unafanyia kazi vihusishi, na umuulize duara lake lilimaanisha nini. Mwalimu wa ana kwa ana mtafute kama baada ya hapo alama nyekundu hazipungui, au kama unataka kufanya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, kwa ajili ya masomo au kazi nje, maana mtihani huo una muda, una insha, na unahitaji mtu wa kukusomea na kukupa alama. Ukimpata, mpelekee barua zako kumi ulizozituma kweli na mkubaliane kwa saa, si kwa muhula. Na kama umekuwa ukiruka maneno madogo unaposoma tangu utotoni, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pia, niandikie tena unieleze zaidi, au umwone mtaalamu wa matatizo ya kusoma, kwa sababu hilo lina chanzo kingine na halitibiwi kwa kamusi.